Uwanja wa Waayalandi Mjini New York

Wanachama wa chama kama hiki chetu wajua vema kazi ya watu waliotoka kwao wakakaa ugenini: kumpokea mgeni aliyefika jana, kumtafutia mahali pa kulala na kazi ya kufanya, kumzika afaye au kuusafirisha mwili wake hadi nyumbani, kukusanya michango, kuandika hesabu, na mara nyingi kuwa na timu ya mpira ili vijana wasipotee mjini. Habari zinazofuata ni za watu wa mbali na sisi, wa rangi nyingine na desturi nyingine, walakini nao waliyafanya mambo hayo hayo kwa njia yao. Ni Waayalandi wa mji wa New York, katika nchi ya Marekani, na chama chao cha mpira wa Kigaeli. Nimeuchagua mji mmoja na uwanja mmoja, kwa kuwa ndani ya uwanja ule limo swali ambalo mikutano mikuu ya mwaka aghalabu hulikwepa, nalo ni hili: mali ya chama ni ya nani hasa, nayo imeandikwa kwa jina la nani?

Yafaa kwanza tujue watu wale walifikaje huko. Ayalandi ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, nacho kilitawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi. Wakulima wengi walikuwa wapangaji tu katika mashamba ya mabwana wakubwa, na chakula chao kilikuwa viazi. Mwaka wa 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vikaoza ardhini, na njaa iliyofuata iliendelea hadi mwaka wa 1852 hivi. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni nyingine wakaihama nchi. Katika muda huo huo nafaka na mifugo ya mabwana iliendelea kupakiwa merikebuni kwenda kuuzwa Uingereza, na jambo hilo Waayalandi hawakulisahau. Mwaka wa 1847 ndio uliokuwa mbaya kupita yote. Tuuweke moyoni mwaka huo, maana tutaukuta tena mbele.

Wengi wa waliohama walikwenda New York. Kufikia katikati ya karne ile, karibu robo ya watu wa mji huo walikuwa wazaliwa wa Ayalandi. Wanaume walichimba mitaro, walibeba matofali, walipakua mizigo gatini. Baadaye wakaingia katika polisi, zimamoto, na kazi ya kuchimba njia za treni zipitazo chini ya ardhi. Wanawake nao walikuja kwa wingi uleule, wengi wao wasichana wasio na mume, wakawa watumishi katika nyumba za matajiri, na fedha walizotuma kwao ndizo zilizolipa pango la shamba na nauli ya ndugu aliyefuata. Wenyeji waliwadharau kwa umaskini wao na kwa dini yao ya Katoliki. Hapo ndipo walipoanza kujikusanya, na hawakujikusanya kama Waayalandi tu, bali kila mtu na watu wa kaunti yake. Kisiwa kile kina kaunti 32, na watu wa Kerry wakawa na chama chao, wa Cavan na chao, wa Mayo na chao. Chama kilimtazama mgonjwa na kilimzika maiti. Mwaka wa 1904 vyama hivyo vya kaunti vikaungana chini ya shirika moja la mji, ijapokuwa kila kimoja kilibaki na jina lake, na fahari yake, na ugomvi wake na jirani.

Mchezo wenyewe ni mkongwe, lakini kanuni zake ni za juzi. Tarehe 1 Novemba 1884, katika hoteli moja ya mji mdogo wa Thurles, watu wachache walikutana wakaunda Chama cha Michezo cha Kigaeli. Aliyeita mkutano alikuwa Michael Cusack, mwalimu wa shule, na mwenyekiti wa kwanza alikuwa Maurice Davin, mwanariadha mashuhuri. Askofu Mkuu Croke akakubali kuwa mlezi. Kusudi lao lilikuwa kuihifadhi michezo ya wazee wao isije ikamezwa na michezo ya Waingereza. Walizitengeneza kanuni za mchezo wa magongo wa kale na za mpira wa Kigaeli, nao wakaigawa nchi katika parokia na kaunti, kila parokia na klabu yake. Mchezaji halipwi mshahara, na kanuni hiyo yadumu hata leo, ijapokuwa mashindano makubwa hutazamwa na makumi ya maelfu ya watu.

Kwa faida ya wasioujua, mpira huu huchezwa kwa mikono na miguu pamoja. Mchezaji aweza kuudaka, lakini hawezi kwenda nao mkononi zaidi ya hatua nne bila ya kuudundisha chini au kuupiga kwa kidole cha mguu ukarudi mkononi. Lango lina milingoti miwili mirefu na mti unaokatiza katikati. Mpira ukipita juu ya mti huo kwa kawaida ni pointi moja. Ukiingia chini yake, wavuni, ni goli, na goli moja ni pointi tatu. Ndiyo sababu matokeo huandikwa kwa namba mbili, magoli kwanza, kisha pointi. Kila upande una watu 15, lakini New York, kwa sababu ya ufinyu wa uwanja, mara nyingi walicheza 13.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba chama hiki hakikuwa cha mpira tu. Kiliwakataza wanachama wake kucheza au hata kutazama michezo ya Kiingereza, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka wa 1971. Kiliwakataza vile vile askari na polisi wa serikali ya Kiingereza kujiunga, na hilo likaondolewa mwaka wa 2001. Tarehe 21 Novemba 1920, wakati wa vita vya kudai uhuru, majeshi ya serikali yalifyatua risasi katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin wakati mchezo ukiendelea. Watu 14 wakauawa, mmoja wao mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan. Hata hivyo huko New York polisi wa Kiayalandi walikuwa miongoni mwa wachezaji na walezi wakubwa wa mchezo, wala hapana aliyeona ajabu. Polisi wa nchi nyingine si polisi wa mtawala wako.

Safari ya kwanza ya chama kwenda Marekani ilifanyika mwaka wa 1888, nayo haikufaulu. Wanamichezo wapatao 50 walivuka bahari kwenda kuonyesha michezo yao katika miji ya mashariki, wakitumaini kwamba viingilio vitaleta fedha za kufanyia tamasha kubwa nyumbani. Watazamaji walikuwa haba, na vyama vya riadha vya Marekani vilikuwa katika magomvi yao wenyewe. Fedha zikawaishia. Michael Davitt, yule mtetezi wa wakulima wasio na ardhi, ndiye aliyewakopesha fedha za kurudia. Tena wengine hawakurudi! Walipoiona kazi na mishahara ya Marekani walibaki huko huko. Viongozi wa Dublin waliona hasara, lakini nadhani hasara ile ndiyo iliyokuwa mbegu, kwa maana wale waliobaki walikuwa wachezaji hodari, nao walihitaji mahali pa kuchezea.

Mahali pa kwanza palipojulikana sana paliitwa Celtic Park, katika sehemu ya Queens. Kiwanja hiki kilinunuliwa mwishoni mwa karne ya 19 na chama cha riadha cha Waayalandi, nacho kikawa makao ya wanariadha ambao dunia nzima iliwasikia. Humo alifanya mazoezi Martin Sheridan wa Mayo, polisi wa New York, bingwa wa kurusha kisahani. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba chama kile cha Waayalandi hakikufunga mlango kwa wasio Waayalandi. Kiliwapokea Wayahudi, tena kilimpokea John Baxter Taylor, Mwafrika wa Marekani, aliyehitimu utabibu wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka wa 1908, katika michezo ya Olimpiki ya London, Taylor alikimbia katika timu iliyoshinda mbio za kupokezana, akawa mtu wa kwanza wa asili yake kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Alifariki kwa homa ya matumbo mwezi wa Desemba mwaka ule ule, naye akiwa na umri wa miaka 26 tu. Watu waliodharauliwa jana si wote wakumbukao kumfungulia mlango anayedharauliwa leo. Katika jambo hili chama kile chastahili kusifiwa, ijapokuwa Waayalandi wengine wa mji ule ule hawakuwa na moyo huo.

Mpira wa Kigaeli nao ulichezwa Celtic Park Jumapili baada ya Jumapili, na mwaka wa 1914 klabu za mji zikaunda halmashauri yao ya kusimamia mashindano. Lakini bei ya ardhi ya Queens ilikuwa ikipanda, na mwaka wa 1930 kiwanja kikauzwa, pakajengwa nyumba za kupangisha. Nyumba hizo zipo mpaka leo, nazo zaitwa kwa jina la kiwanja.

Kwa bahati njema, viongozi wa mpira walikuwa wamekwisha tafuta mahali pengine. Mwaka wa 1926 walinunua kiwanja katika sehemu ya Bronx, kaskazini ya mji, karibu na mtaa wa 240, kando ya yadi ya treni. Mwaka wa 1928 kikafunguliwa. Mwanzoni kiliitwa Innisfail, jina la kale la Ayalandi. Baadaye kikajulikana kwa jina la Gaelic Park. Hebu fikiri furaha ya watu wale. Wazazi wao walikuwa wapangaji waliofukuzwa mashambani, na sasa watoto wa wapangaji wana hati ya ardhi katika mji mkubwa kabisa wa Marekani, mali ya chama, iliyolipwa kwa michango na viingilio vya wafanya kazi.

Hata hivyo uongozi wa fedha katika siku zile haukuwa imara. Mwaka wa 1927 timu ya Kerry ilikuja kuzuru, ikacheza na New York mbele ya umati mkubwa katika uwanja wa Polo Grounds, na wageni wakapigwa. Lakini aliyewapangia safari alitoweka na fedha za viingilio, na wachezaji wa Kerry wakabaki ugenini bila ya senti. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyepata kuketi katika kamati ya chama.

Kisha ikaja dhiki kuu ya uchumi baada ya mwaka wa 1929. Wajenzi walikuwa wa kwanza kukosa kazi, na wajenzi ndio waliokuwa wanachama. Ada hazikulipwa, viingilio vilipungua, deni la kiwanja likabaki pale pale. Chama kikafilisika, ardhi ikaenda kwa mji, na mwishowe ikawa chini ya mamlaka ya usafiri, kwa sababu ya ile yadi ya treni iliyo jirani. Hivyo, baada ya miaka michache tu, hati ile iliyoleta furaha haikuwa tena mikononi mwa chama. Mpira uliendelea kuchezwa, lakini kwa idhini ya mwenye ardhi.

Mwaka wa 1941 alijitokeza mtu mmoja akaukodi uwanja. Jina lake John O'Donnell, mzaliwa wa Kerry, naye alijulikana kwa wote kama John Kerry O'Donnell. Alikuwa mfanyabiashara mwenye bidii na mwenye sauti. Kwa miaka 50 iliyofuata uwanja ulikuwa mkononi mwake: yeye ndiye aliyelipa pango, yeye aliyekuwa na baa na ukumbi wa dansi kando ya uwanja, tena yeye alikuwa mkubwa katika halmashauri ya mpira. Wako waliomwita mwokozi, na wako waliomwita mfalme. Kwa maoni yangu wote walisema kweli. Pasingekuwa na yeye, huenda uwanja ungegeuzwa maegesho ya treni. Lakini chama ambacho mwenyekiti wake ndiye pia mwenye lango la kuingilia, na mwenye baa, na mwenye mkataba wa ardhi, ni vigumu kwa wanachama wake kusimama katika mkutano na kumpinga. Klabu iliyogombana naye ingecheza wapi Jumapili?

Sasa tufike mwaka wa 1947. Ilikuwa miaka 100 tangu mwaka ule mbaya wa njaa. Padri mmoja wa kaunti ya Clare, Kanoni Michael Hamilton, alitoa shauri katika mkutano wa chama kule Ayalandi kwamba mchezo wa mwisho wa ubingwa wa nchi nzima, ambao kwa desturi huchezwa Croke Park, safari hii uchezwe New York, ili kuwakumbuka waliohama. Wengi walilipinga shauri hilo. Walisema ni kuwanyima wenyeji mchezo wao kwa ajili ya watu waliokwisha ondoka. Mabishano yalikuwa makali, lakini shauri likapita. Hapakuwa na wakati mwingine ambapo mchezo ule wa mwisho ulichezwa nje ya Ayalandi.

Waliofika fainali walikuwa Cavan na Kerry. Wengine walikwenda kwa meli, wengine kwa ndege iliyopitia visiwa vya Azores, safari ya zaidi ya saa 24. Tarehe 14 Septemba 1947 walikutana katika Polo Grounds, uwanja uliotengenezwa kwa mchezo wa besiboli wa Wamarekani. Ulikuwa mwembamba kuliko viwanja walivyovizoea, ardhi yake ngumu, tena palikuwa na kile kichuguu ambacho mrushaji wa besiboli husimama juu yake. Hakikuondolewa, na wachezaji wakapaswa kukipanda na kukishuka mbio wakifuata mpira. Joto lilikuwa kali. Meya wa mji, William O'Dwyer, alikuwa hapo. Yeye mwenyewe alizaliwa Bohola katika kaunti ya Mayo, akaja New York akiwa kijana, akawa kibarua, akawa polisi, akawa mwanasheria, hata akafika katika kiti kile. Watazamaji walikuwa zaidi ya 34,000. Waliopanga walitumaini zaidi ya hao, maana uwanja ungaliweza kuchukua zaidi ya 50,000. Lakini 34,000 ni watu wengi, na kila mmoja wao alikuwa na kaunti yake moyoni.

Kerry walianza kwa nguvu wakatangulia kwa pointi nyingi, hata watu wa Cavan wakainamisha vichwa. Kisha Cavan wakatulia. Nahodha wao, John Joe O'Reilly, ofisa wa jeshi, aliwaongoza kwa utulivu. Peter Donohoe alipiga mipira ya adhabu moja baada ya nyingine ikapita juu ya mti, na magazeti ya New York yakamlinganisha na Babe Ruth, bingwa wa besiboli. Miongoni mwa wachezaji wa Cavan alikuwamo Mick Higgins, aliyezaliwa New York penyewe, akapelekwa Ayalandi akiwa mtoto. Siku ile alirudi katika mji wa kuzaliwa kwake akiivalia kaunti ya wazazi wake. Mchezo ulikwisha Cavan 2-11, Kerry 2-7, yaani pointi 17 kwa 13.

Kule nyumbani, ilikuwa usiku. Katika vijiji vya Cavan na Kerry watu walikusanyika katika nyumba chache zilizokuwa na redio, madirisha wazi ili walio nje wasikie. Mtangazaji alikuwa Michael O'Hehir, kijana wa miaka 27. Laini ya kuvuka bahari ilikuwa imekodiwa hadi saa kumi na moja jioni kwa saa za New York, lakini sherehe za kufungua zilichelewesha mchezo, na dakika za mwisho zikakaribia kupita muda huo. O'Hehir, katikati ya kutangaza, akaanza kumwomba hadharani mtu yeyote asikiaye huko kwenye mitambo asiikate laini, ampe dakika tano tu. Hakujua ni nani anayemwomba. Laini haikukatwa, na Ayalandi ikasikia mpaka filimbi ya mwisho.

Baada ya hapo ilifuata miaka ya neema kwa Gaelic Park. Katika miaka ya 1950 uchumi wa Ayalandi ulikuwa dhaifu sana, na watu wapatao 400,000 waliihama nchi katika muda wa miaka kumi. Wengi zaidi walikwenda Uingereza, lakini waliokwenda New York walitosha kuujaza uwanja. Mgeni alishuka melini katikati ya juma. Jumapili alikwenda misa, kisha akapanda treni hadi kituo cha mwisho karibu na mtaa wa 242, akatembea kidogo akafika uwanjani. Huko aliwakuta watu wa kijiji chake. Mwenye kampuni ya ujenzi alisimama kando ya uwanja akitazama mchezo, na kijana aliyecheza vizuri hakukosa kazi Jumatatu. Watu wa chama cha wafanya kazi wa usafiri, ambacho Mike Quill wa Kerry alikiongoza, walikuwapo pia. Jioni palikuwa na dansi ukumbini, na ndoa nyingi za Waayalandi wa New York zilianzia hapo. Mke akiwa wa Leitrim na mume wa Galway, watoto walilazimika kuchagua timu, na amani ya nyumba ilitegemea ratiba ya michezo.

Nguvu ya mchezo wao haikuwa ya maneno tu. Mwaka wa 1950 New York walikwenda Croke Park wakawashinda Cavan katika fainali ya ligi ya taifa, 2-8 kwa 0-12. Wakashinda ligi hiyo tena mwaka wa 1964 na mwaka wa 1967. Hebu wazia wahamiaji, ambao wenyeji waliwahesabu kuwa wamekwisha potea, wanarudi kuwafunga waliobaki! Lakini uhusiano na wakubwa wa Dublin ulikuwa wa mvutano siku zote. Dublin walitaka nidhamu na hesabu. New York walitaka wageni waje mara kwa mara, maana wageni ndio walioleta viingilio. Mwaka wa 1970, katika fainali ya mchezo wa magongo iliyochezwa Gaelic Park, mwamuzi aliyetoka Ayalandi alipigwa akavunjika taya, na uhusiano ukavunjika kwa muda.

Wakati huo huo sheria ilikuwa imekwisha kuubadilisha mji. Mwaka wa 1965 Marekani ilitunga sheria mpya ya uhamiaji. Kwa mataifa mengi ya Asia na Afrika ilikuwa ni kufunguliwa mlango, nasi hatuwezi kuilaumu. Lakini kwa Waayalandi, waliozoea kupata nafasi nyingi, njia ikawa nyembamba. Ayalandi nayo ilianza kupata viwanda, vijana wakabaki kwao. Katika miaka ya 1970 klabu zilizokuwa na majina makubwa zilihesabu wachezaji wao zikaona hawatoshi.

Katika miaka ya 1980 kazi ziliadimika tena Ayalandi, na kundi jipya likaja, safari hii wengi wao bila ya karatasi za kukaa. Hao walifanya kazi za ujenzi na kulea watoto, wakilipwa mkononi, wakiogopa kurudi kwao hata kumzika mzazi, kwa kuwa aliyetoka hakuwa na hakika ya kuingia tena. Kwa mtu kama huyo uwanja wa Jumapili ulikuwa mahali pekee alipotajwa kwa jina lake kamili bila ya hofu. Baadaye Bunge la Marekani lilitoa visa maalumu, na kwa sheria ya mwaka wa 1990 Waayalandi walitengewa 48,000 katika muda wa miaka mitatu. Katika siku hizo klabu zenye fedha zilianza kuwaleta kwa ndege wachezaji mashuhuri kutoka Ayalandi kucheza Jumapili moja na kurudi. Kanuni ya kutolipwa ilibaki katika kitabu. Mimi naona desturi hiyo iliwavunja moyo vijana wazaliwa wa New York, ambao walifanya mazoezi juma zima kisha wakakaa benchi kumpisha mgeni wa siku moja.

O'Donnell alizeeka. Mwaka wa 1991 mkataba wa uwanja ukapita kwa Manhattan College, chuo cha Kikatoliki kilicho karibu. Mwenyewe alifariki mwaka wa 1994. Chuo kiliutengeneza uwanja, kikaweka nyasi za bandia na taa, na timu za wanafunzi wake huutumia siku za juma. Halmashauri ya mpira huutumia kwa mapatano. Mgeni aendaye leo atauona mzuri kuliko ulivyokuwa, lakini ile ardhi ambayo mwaka wa 1926 ilinunuliwa kwa jina la chama haikurudi katika jina la chama. Kwa upande mwingine, klabu ya kaunti ya Rockland, nje ya mji, ambako familia nyingi zilihamia ili kupata nafasi, ilijipatia viwanja vyake yenyewe na kufundisha mamia ya watoto, wavulana kwa wasichana.

Mwaka wa 1999 New York walikubaliwa kuingia katika ubingwa wa jimbo la Connacht, na tangu hapo kila mwaka kaunti moja ya jimbo hilo huja Bronx kucheza nao, isipokuwa mwaka wa 2020 na wa 2021 kwa sababu ya maradhi ya korona. Wakafungwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa 2016 walishindwa na Roscommon kwa pointi moja. Mwaka wa 2018 na Leitrim, pointi moja tena, baada ya muda wa nyongeza. Wako waliosema safari hizo ni karamu tu, na kwamba New York haitashinda kamwe.

Tarehe 8 Aprili 2023, Jumamosi Kuu kabla ya Pasaka, Leitrim walikuja tena. Baada ya muda wa kawaida na wa nyongeza walikuwa sawa, 0-15 kwa 0-15, ikabidi kupiga penalti. New York wakashinda 3-2. Uwanja ukajaa watu, wazee waliokuja miaka ya 1950 na wajukuu wao wasemao Kiingereza cha Bronx, na miongoni mwa wachezaji walikuwamo waliozaliwa huko huko Marekani na kujifunza mpira huko. Wiki mbili baadaye walivuka bahari kwenda kucheza na Sligo, wakafungwa kwa tofauti kubwa, kisha wakarudi New York, kwa kuwa wote ni watu wenye kazi zao.